Mtu Aliyebadilika Kabla ya Uzee

Popote ulipo, iwe Mbinga mjini, Litembo au Maguu, au huko chini Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ambako saa hizi wavuvi wanaandaa taa za kwenda kuvulia dagaa, karibu tuzungumze. Leo nimekuja na jina gumu kidogo, progranulini, lakini jina hilo nitaliweka pembeni kwanza. Tuanze na mtu.

Mtu huyu nimemtunga, kwa hiyo usihangaike kutafuta anafanana na nani kijijini kwako. Ana miaka 53. Ni mweka hazina wa chama cha msingi cha kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa kuamka alfajiri. Mwaka wa kwanza familia inaona amepoa. Jirani anafiwa, yeye anabaki amekaa uani kana kwamba hakusikia kilio. Wakimlazimisha kwenda, anacheka mbele ya wafiwa. Mwaka wa pili anaanza kulamba sukari kwa kijiko, bakuli zima. Anamwambia mama mkwe wake neno ambalo mwanamume mzima wa Kimatengo hathubutu kulitamka mbele ya mkwe. Anampa kijana asiyemjua, waliyekutana stendi, fedha za chama. Na hapa ndipo pagumu: ukimwuliza leo ni siku gani, anajua. Mwenyekiti wa kijiji ni nani, anajua. Bei ya kahawa ya msimu uliopita anaitaja bila kusita.

Watu watasema nini? Wengine watasema amelogwa. Wengine ni pombe, wengine ni mwanamke wa nje. Wanachama watasema ni mwizi, tena watamfungulia kesi. Mke atarudi kwao. Kila mtu atakuwa na maelezo yake, na katika maelezo yote hayo neno ubongo halitatajwa hata mara moja. Sisi ugonjwa wa akili za mtu mzima tunaujua kwa sura moja: bibi wa miaka 80 anayemwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, anayeuliza chakula wakati ametoka kula. Huyo tunasema amezeeka, na tunamwachia nafasi yake jikoni. Lakini mwanamume wa miaka 53 ambaye kumbukumbu zake zipo na aibu yake ndiyo iliyotoweka, huyo hatuna mahali pa kumweka.

Madaktari wanapo. Mwaka 1892 daktari wa Prague, Arnold Pick, alieleza habari za mgonjwa ambaye ubongo wake ulikuwa umesinyaa sehemu fulani tu, si wote. Leo kundi la magonjwa ya namna hiyo linaitwa demensia, yaani kudhoofika kwa akili, ya sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuzuia kusema kila linalotujia, inayotufanya tumwonee huruma mfiwa, inayotuambia basi inatosha. Sehemu ya pembeni, karibu na sikio, inabeba maana za maneno. Ugonjwa huu hupenda kuanza kati ya miaka 45 na 65, wakati mtu bado ana watoto shuleni na shamba la kulima. Wengine huanza kwa tabia, kama mtu wetu. Wengine huanza kwa lugha, neno moja moja linapotea mpaka mtu anakuwa bubu. Wengi wenu mlisikia mwaka 2023 familia ya mwigizaji wa Marekani, Bruce Willis, ilipotangaza kuwa ndio unaomsumbua.

Sasa turudi kwenye lile jina. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa Antwerp nchini Ubelgiji na jingine likiongozwa kutoka kliniki ya Mayo huko Florida, yalichapisha jambo moja kwa wakati mmoja katika jarida la Nature. Walikuwa wakifuatilia koo ambazo demensia hii ilipita kwa wazazi na watoto, kizazi hadi kizazi. Wakakuta hitilafu katika jeni moja lililopo kwenye kromosomu ya 17. Jeni hilo ndilo linaloupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo progranulini.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hilo, moja ya baba na moja ya mama. Katika koo zile nakala moja ilikuwa imekufa, haitoi kitu. Nakala ya pili ilikuwa nzima na ikifanya kazi yake vizuri. Yaani watu hawa hawakuwa wamekosa protini hiyo; walikuwa nayo, ila nusu, na kwenye damu mara nyingi ilikuwa chini hata ya nusu. Na nusu hiyo iliwatosha utotoni, ikawatosha ujanani, wakaoa, wakazaa, wakajenga. Ikaja kushindwa ukubwani. Ndani ya ukoo mmoja, mmoja anaweza kuanza kuugua akiwa na miaka 45, ndugu yake akafika 70 akiwa mzima. Na kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu ana nafasi sawa kwa sawa, kuirithi au kutoirithi.

Mwaka 2012 wakapatikana ndugu wawili ambao nakala zote mbili zilikuwa zimekufa. Hao hawakusubiri utu uzima wa katikati. Walipatwa na ugonjwa mwingine kabisa wakiwa vijana, wa kupoteza uwezo wa kuona na kupata degedege, wa jamii ambamo takataka za seli hujilundika ndani ya ubongo kwa sababu hakuna wa kuziyeyusha. Jambo hilo liliwafungua macho watafiti kuhusu kazi ya protini hii kuliko miaka yote ya nyuma.

Kazi yake ni ipi? Hapa nitaomba msaada wa ngolo, kilimo chetu cha mteremkoni. Msikilizaji wa Matengo anajua: mvua zikielekea kuisha nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama vyumba, halafu udongo unachimbwa katikati ya kila chumba na kufukia zile nyasi. Unapata shimo katikati na matuta pande zote. Mvua ikinyesha kwenye mteremko ule mkali, maji hayaporomoki na udongo, yanatulia shimoni. Wakati huohuo nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea ya maharage. Shamba moja, kazi mbili: kutuliza maji na kuozesha takataka. Progranulini nayo ina kazi mbili za namna hiyo. Ya kwanza ni kutuliza ghasia ya kinga ya mwili. Ya pili ni kuhudumia laisosomu, kile kifuko kilichomo ndani ya seli ambamo mabaki na vitu vilivyochakaa huvunjwavunjwa vikatumika upya. Kuna mpokezi mmoja juu ya seli aitwaye sortilini. Kazi yake ni kuikamata progranulini huko nje na kuiingiza mpaka kwenye kifuko hicho. Mtu mwenye nusu ya protini ana vifuko vinavyochelewa kazi.

Ile kazi ya kwanza, ya kutuliza, inahitaji maelezo. Ukijikata na panga shambani, pale pakavimba, pakawa pekundu, pakawa na joto na kuuma, hiyo ndiyo inflamesheni. Ni kinga ya mwili iko kazini. Bila hiyo jeraha lisingepona. Shida inakuja inapokataa kuisha. Progranulini ikiwa nzima, inaituliza. Lakini kuna kimeng'enya kinachomwagwa na chembe nyeupe za damu, elastasi, ambacho huikatakata progranulini vipande, na vipande hivyo, viitwavyo granulini, vinafanya kinyume: vinaita chembe nyeupe zaidi zije. Watafiti walilionyesha jambo hili mwaka 2002 wakichunguza vidonda vya panya. Mwili nao una mlinzi wa kuzuia ukataji huo, na mlinzi huyo anapatikana kwa wingi hata kwenye mate. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akigawa vitu vya mwilini kuwa hiki kizuri na hiki kibaya. Hapa kitu kilekile kikiwa kizima kinatuliza, kikikatwa kinachochea.

Kwenye ubongo kuna askari maalumu wa kinga, maikroglia. Hao huzunguka wakisafisha na kupunguza miunganiko ya neva isiyohitajika. Panya waliofugwa bila progranulini kabisa, maikroglia wao walikuwa wakali kupita kiasi, na kadiri walivyozeeka walikuwa wakila miunganiko ya neva ambayo bado ilikuwa inafanya kazi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2016. Kwa mtu mwenye nusu ya protini mambo hayaendi kwa kasi ile, lakini ukiupasua ubongo wake baada ya kifo unakuta seli za neva zina mabonge ya protini nyingine, TDP-43, iliyotoka mahali pake kwenye kiini na kuganda nje. Kati ya vifuko vinavyochelewa kusafisha, askari wanaokasirika na mabonge hayo, kipi kinatangulia kingine bado ni ubishi wa maabara, na mimi sitajifanya hakimu.

Hadithi ya inflamesheni ubongoni isikufanye udhani ni ya Ulaya na panya wao. Tunayo hapa mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, kwa njia nyingine, na inapitia kwenye banda la nguruwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu nguruwe wa Wilaya ya Nyasa ulikuta kwamba, kwa kipimo cha damu, karibu nguruwe mmoja kati ya watatu alikuwa na maambukizi ya mabuu ya tegu. Mtu akila nyama yenye mabuu isiyoiva anapata tegu tumboni. Tegu huyo anataga mayai yanayotoka na kinyesi, na mtu akiyameza mayai hayo kwa mikono au mboga zisizooshwa, mabuu yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo wake. Yanaweza kukaa huko miaka bila kelele. Buu linapoanza kufa ndipo kinga inaliona, inflamesheni inawaka kulizunguka, na mtu mzima ambaye hajawahi kuumwa anaanguka kifafa. Wengine hubadilika tabia, wengine huchanganyikiwa kama mzee. Daktari anayejua kazi yake hakimbilii dawa ya minyoo peke yake. Anatanguliza dawa ya kutuliza inflamesheni, kwa sababu kuua mabuu yote kwa mkupuo bila kutuliza kunaweza kumdhuru mgonjwa kuliko mabuu yenyewe. Choo, na nguruwe kufungiwa bandani, ni kinga ya ubongo. Nasema hivi nikijua kuna watakaocheka.

Turudi kwa progranulini, maana msikilizaji makini ameshajiuliza: kama tatizo ni upungufu, kwa nini wasiiongeze? Kwanza niseme haipatikani kwa kula. Dagaa na maharage vina protini, na ni chakula kizuri, lakini tumbo linavunja protini zote vipande vidogo. Progranulini mwili unajitengenezea. Asije mtu akakuuzia kopo lake mnadani. Pili, kuizidisha si baraka moja kwa moja. Aina kadhaa za saratani huitumia kukulia, na watu wenye kisukari cha ukubwani wamekutwa nayo nyingi kwenye damu kuliko wengine.

Hata hivyo walijaribu, na jaribio hilo lina somo. Kampuni mbili, Alector ya Marekani na GSK ya Uingereza, zilitengeneza dawa ya kudungwa kwenye mshipa iitwayo latozinemabu. Inamziba yule mpokezi, sortilini, ili asiichukue progranulini, na hivyo ibaki nyingi nje ya seli. Wagonjwa wenye hitilafu ya jeni walifuatiliwa kwa wiki 96. Oktoba 2025 matokeo yakatangazwa. Progranulini ilipanda kweli, kama ilivyokusudiwa. Ugonjwa haukupungua mwendo.

Kwangu mimi habari hiyo ni muhimu kuliko ugunduzi wa 2006, ingawa haikupigiwa ngoma. Kama kazi kubwa ya protini hii iko ndani ya kile kifuko, na wewe umemziba anayeipeleka kwenye kifuko, umejaza nje na ndani bado kuna njaa? Au wagonjwa walianza dawa wakati seli zilikuwa zimeshakufa? Yote mawili yanajadiliwa. Makundi mengine sasa yanajaribu njia tofauti: kupeleka nakala nzima ya jeni lenyewe kwenye ubongo kwa kutumia kirusi kisicho na madhara. Hayo majaribio ni madogo na yanaendelea. Mtu akikuambia dawa imepatikana, mwulize ipi.

Na sisi? Orodha ya koo zinazojulikana na madaktari ina Wabelgiji, Waitaliano wa Lombardia, Wabaski wa Hispania, Wamarekani. Hiyo haimaanishi Waafrika hatuna. Inamaanisha huko ndiko kipimo kilikopelekwa. Ukoo wa Mbinga ambao wanaume wake hupatwa na "wazimu" wakikaribia miaka 60, mmoja kila kizazi, utaitwa ukoo wenye laana, na mabinti zake wataogopwa kuolewa, kabla daktari yeyote hajachora mti wa ukoo huo kwenye karatasi.

Kazi nzuri ya Tanzania juu ya demensia imefanyika kwingine, wilayani Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa huko na wenzao wa Uingereza walipita kijiji kwa kijiji, wakakuta kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, 6 hivi walikuwa na demensia. Baadaye walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji mtu kujua kusoma. Mzee anaulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anapewa njiti nne za kiberiti aige mchoro. Anakumbushwa maneno aliyosomewa mwanzoni. Muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya bila mashine yoyote, na sioni kwa nini kisifanyike Liuli au Litembo.

Lakini mtu wetu wa miaka 53 anaweza kukifaulu. Njiti atazipanga, siku ataitaja. Kwake yeye kipimo ni mke wake, au dada yake, mtu aliyemjua kabla. Shahidi huyo akiachwa nje ya chumba cha daktari, mgonjwa ataeleza vizuri tu kwamba hana shida, na atakuwa anaamini anachosema, kwa sababu kutojiona ni sehemu ya ugonjwa.

Na kabla ya kufikia demensia isiyo na tiba, kuna yale yanayofanana nayo na yanayotibika, na hapa sina upole. Kaswende ya muda mrefu hubadilisha tabia ya mtu mzima, na inatibiwa kwa penisilini. Virusi vya UKIMWI visipodhibitiwa huingia kwenye ubongo. Tezi ya shingo ikilegea, mtu anapoa kama aliyepigwa butwaa. Damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka na pikipiki wiki kadhaa zilizopita humfanya mtu awe mzito na mkali. Pombe kali bila chakula inamaliza vitamini B1. Sonona ya mtu mzima inafanana sana na ule upoaji niliousimulia. Haya ndiyo ya kutafuta kwanza, kwa sababu haya yana mlango wa kutokea.

Kwa wazee kwa jumla, kamati ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, sigara, kuumia kichwa, upweke na kukosa elimu utotoni. Jeni la progranulini halimo, kwa sababu jeni hulirekebishi. Shinikizo la damu unalirekebisha kwa kidonge kinachotolewa zahanati, ukikimeza kila siku na si siku ya kuumwa kichwa tu.

Basi kama una ndugu aliyebadilika, usimpeleke peke yake. Mfuate, na uende na mtu aliyeishi naye muda mrefu. Andikeni nyumbani kwanza: alianza lini, alianza na kitu gani, kusahau au tabia au maneno, na nani mwingine kwenye ukoo, upande wa baba na wa mama, aliwahi kuwa hivyo, akiwa na umri gani. Bebeni dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba. Ombeni apimwe presha, sukari, virusi vya UKIMWI na kaswende. Mkiona hajatulia na kituo cha karibu hakina daktari wa kumchunguza zaidi, ombeni barua ya rufaa ya kwenda Peramiho au hospitali ya mkoa Songea. Na kama kuna kesi ya fedha za chama imeshafunguliwa, karatasi ile mliyoandika nyumbani mpeni na hakimu nakala.